Mashudu ya Mbegu za Soya

Neno lililotuponza lilikuwa "mbegu", na niliyeliandika ni mimi, kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, bila kulazimishwa na mtu.

Binti yangu anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yetu, mia nne na kumi na wawili. Kuku wa mayai si kuku wa kujitafutia jalalani. Ukimpunguzia mashudu, siku ya tano mayai yanaanza kuwa madogo, siku ya kumi wanaanza kung'oana manyoya, na wakishaonja damu huna tena kundi, una vita. Mashudu, kwa asiyejua, ni yale makapi yanayobaki soya au alizeti ikishakamuliwa mafuta. Mimi nayajua kwa sababu nilisimama kwenye kinu cha kukamua kwa miaka thelathini na mmoja, nikayachota kwa koleo yakiwa bado yanafuka moshi. Kinu chetu kilifungwa, mitambo ikauzwa kama chuma chakavu, na tangu hapo mashudu tunayapata kutoka ng'ambo ya mpaka.

Mwaka huu binti yangu na wafugaji wenzake wawili waliagiza lori zima. Lori lilipofika mpakani, karatasi ya muuzaji ilisema ukweli mtupu: soya iliyokamuliwa ilikuwa ya aina iliyobadilishwa vinasaba. Hapo serikali ikanyoosha mkono. Magunia yakashushwa kwenye ghala la ukaguzi, paa la bati, sakafu ya saruji isiyotandikwa hata ubao, yakangoja kibali. Nyumbani tulikuwa na magunia matano ya akiba. Gunia moja huisha kwa siku tano. Hesabu hiyo haikuhitaji msomi.

Sina ugomvi na sheria yenyewe. Niliisoma yote, kurasa arobaini na mbili, penseli mkononi. Inasema hivi: kitu kilichobadilishwa vinasaba ambacho bado ki hai, ambacho kinaweza kuota, kikachanua na kuchavusha shamba la jirani, kichunguzwe sana kabla hakijaingia. Kipite kwenye kamati, kipandwe kwa majaribio, watu watangaziwe. Kilichokwisha kufa, yaani unga, mafuta, mashudu, kinaandikiwa kibali chepesi ndani ya siku kumi. Aliyeandika hayo alikuwa na akili zake. Ningemkuta ningempa mkono.

Binti yangu alileta fomu jioni, akaiweka mezani mbele yangu.

"Baba, nijazie wewe. Wewe ndiye mwenye mwandiko."

Mwandiko huo niliununua ghali. Hadi nina umri wa miaka thelathini na sita sikujua a wala be. Kinuni kila zamu ilipobadilika tulipanga foleni kusaini kitabu, na karani alikuwa akipiga kelele, "Haya, kalamu huku, vidole kule!" Kalamu ni wale waliojua kuandika majina yao. Vidole ni sisi. Tulichovya dole gumba kwenye kidau cha wino wa zambarau, tukabonyeza kitabuni, tukashinda siku nzima na doa ambalo sabuni haikuliondoa. Hata watoto wangu walijua kwamba baba yao ni kidole. Nikaenda shule ya jioni miaka sita, nikikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Binti yangu alikuwa ameanza darasa la kwanza mwaka huohuo, tukawa tunasoma kitabu kimoja kwenye meza moja, na mara nyingi alikuwa ananitangulia ukurasa. Siku niliposaini kwa kalamu mara ya kwanza niliapa dole gumba langu halitagusa wino tena. Siku hizi mtaani wananiita Mzee Kamusi, kwa sababu ninayo, naifungua, na sioni haya.

Basi nikavaa miwani. Swali la nne lilisema: Jina kamili la bidhaa.

"Andika mashudu," akasema binti yangu.

"Mashudu ya nini? Kuna ya pamba, ya alizeti, ya ufuta."

"Andika ya soya, basi."

"Soya ni mmea, mwanangu. Una mizizi, una majani. Hatukukamua majani. Kinachokamuliwa ni mbegu."

"Baba, andika chakula cha kuku tulale."

"Chakula cha kuku si jina, hayo ni matumizi. Hapa wameandika jina kamili."

"Hii ni fomu, Baba. Siyo mtihani."

"Kila fomu ni mtihani," nikamwambia, nikaandika: MASHUDU YA MBEGU ZA SOYA ILIYOBADILISHWA VINASABA. Nikaitazama ile sentensi. Haikuwa na upungufu popote.

Siku ya kumi nilikwenda ofisi ya vibali. Ni jengo la ghorofa mbili, chini kuna madirisha matano ya vioo yenye matundu ya kuzungumzia, na mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na suruali za watu. Dirisha langu lilikuwa la tatu. Alikaa hapo mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kikombe cha chai kisichoisha.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nimefuata kibali cha mashudu."

Akafungua daftari, akashuka na kidole. "Faili lako halipo hapa. Limepanda juu, dawati la mbegu."

"Kwa nini? Mimi sikuleta mbegu."

Akageuza daftari nione. Pale, mbele ya jina la binti yangu, mtu alikuwa ameandika kwa ufupi: mbegu za soya, vinasaba.

"Na mashudu yamekwenda wapi?"

"Masijala huwa wanafupisha, mzee. Nafasi ni ndogo."

Nikapanda juu. Mkaguzi wa mbegu alikuwa kijana wa kiume mwenye penseli iliyochongwa kama sindano. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza kinu kilivyo: mbegu inapondwa, inachemshwa kwa mvuke, inabanwa mpaka inatoa kila tone, kinachotoka ni mabonge na vumbi.

"Nimekuelewa kabisa," akasema.

"Nashukuru."

"Sasa tunahitaji punje mia nne kwa ajili ya jaribio la kuota."

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni, hapakuwa na utani.

"Mwanangu, hakuna punje. Nimetoka kukueleza."

"Nimekuelewa, mzee. Lakini faili likishaingia dawati hili, haliwezi kutoka bila matokeo ya kuota. Kama haioti, tutaandika haioti. Ila hatuwezi kuandika kabla hatujajaribu."

"Unaweza kuotesha unga wa chapati?"

"Unga wa chapati haujaletwa kwangu."

Nilishuka ngazi nikihesabu pumzi. Kesho yake nilimletea mfuko wa mashudu kutoka kwenye akiba yetu, kilo mbili ambazo kuku wangezila kwa furaha. Pale mlangoni mwa ofisi yake palikuwa na chungu cha maua; nikachota konzi moja ya mashudu mfukoni, nikayafukia humo mbele yake.

"Yakichipua humu," nikamwambia, "nitakuja kuyapalilia mwenyewe."

Akacheka, kijana wa watu, akachukua mfuko, akauandikia namba. Hakuwa mtu mbaya. Kama angekuwa mbaya ningepata pa kuishikia hasira yangu. Mtu mpole anakuzungusha huku anakuuliza habari za nyumbani, unabaki unajibu nzuri, nzuri, na moyo unatokota.

Jaribio lilikuwa la siku kumi na nne. Katika siku hizo binti yangu alipunguza kipimo cha mashudu kwanza kwa robo, halafu kwa nusu. Akaongeza pumba. Kuku wakajaza matumbo lakini si miili. Trei za mayai zilizokuwa zinapangwa hadi dirishani zikashuka zikawa chini ya meza. Mfugaji mwenzake mmoja alichoka, akauza kundi lake lote kwa wachinjaji. Na mtunza ghala wa mpakani, ambaye sikuwahi kumwona sura ila sauti yake niliijua kama ya ndugu, alinipigia simu.

"Mzee Kamusi, magunia ya safu ya chini yameanza kutoa jasho."

"Yainue kwenye mbao."

"Mbao zipo, lakini mzigo wako umewekewa utepe. Sina ruhusa ya kuugusa."

"Unaona unaoza?"

"Naona."

"Na huna ruhusa."

"Kuona ninayo," akasema. Akakata simu kwa sababu hata yeye aliona aibu.

Siku ya kumi na tano nilikuwa kwenye benchi kabla madirisha hayajafunguliwa. Mkaguzi wa mbegu aliteremka mwenyewe kuniletea matokeo, karatasi safi yenye muhuri. Nikavaa miwani nikasoma nikiwa nimesimama.

Sampuli: mbegu za soya. Hali: zimevunjika. Kiwango cha kuota: asilimia sifuri. Uamuzi: mbegu hizi ni duni na hazifai kuingizwa nchini.

Nikaisoma mara ya pili. Nikaketi.

"Mmeyakataa kwa sababu hayakuota?"

"Mbegu lazima ziote angalau themanini kwa mia, mzee."

"Lakini sheria yenu ya vinasaba inaogopa yasije yakaota!"

"Hiyo ni sheria nyingine. Hiyo ni ya usalama. Hii ni ya ubora."

"Kwa hiyo yangeota mngeyazuia kwa hatari, na yasipoota mnayazuia kwa uzembe."

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Ukiiweka hivyo," akasema, "ndiyo."

Watu wa kwenye benchi walicheka. Mmoja, mwanamke aliyekuja kuombea kibali miche ya maua, akaniambia, "Baba, waambie yamelala, wayasubiri yaamke." Sikuwa na kicheko. Niliomba kumwona mkubwa. Mkubwa alikuwa kikaoni. Nikarudi dirisha la tatu.

"Mama," nikamwambia yule wa chai, "nisaidie. Hapa palipoandikwa mbegu, pafutwe paachwe mashudu. Neno moja tu."

Akainama, akatoa karatasi ya rangi ya waridi kutoka mtoto wa meza. "Hilo linawezekana. Hii ni fomu ya marekebisho. Ila lazima uchague sababu."

Sababu zilikuwa tatu, kila moja na kisanduku chake. Ya kwanza: mwombaji alitoa taarifa ya uongo kwa makusudi. Ya pili: bidhaa imebadilika tangu ombi lilipoletwa. Ya tatu: mwombaji hajui kusoma na kuandika, na fomu ilijazwa bila yeye kuielewa.

"Ukichagua ya kwanza," akasema, "faili linakwenda kwa mwanasheria. Ya pili, tunaanza upya, na ukaguzi upya. Ya tatu nakurekebishia hapahapa, leo hii, unaondoka na kibali."

"Mtu aliyekosea tu yuko wapi?"

"Hayumo, mzee."

"Na ambaye hakukosea? Maana mimi sikukosea. Masijala ndio waliokata maneno yangu."

"Huyo ndiyo kabisa hayumo." Akashusha sauti. "Chagua ya tatu. Wengi wanachagua hiyo. Unabonyeza dole gumba hapa chini, yanaisha."

Nikaona kidau pembeni ya kikombe chake. Wino wa zambarau. Sijui kwa nini nilidhani siku hizi wanatumia rangi nyingine.

"Fomu ilikuja kwa jina la binti yangu," nikasema.

"Lakini mjazaji ni wewe, jina lako liko hapa chini kwa mwandiko wako. Mzuri kweli, hata tulikuwa tunausifia. Anayerekebisha lazima awe aliyejaza."

Nilikunja miwani, nikaitia kwenye kikasha chake, nikamwambia yule mama asante, nikatoka. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani. Njiani nilitunga barua tatu kwa mkubwa aliyekuwa kikaoni, kila moja kali kuliko iliyotangulia, zote zikiwa na nukta na mikato mahali pake.

Binti yangu nilimkuta bandani, ameshika kuku mwenye mgongo mtupu, anampaka dawa. Wenzake walikuwa wamemng'oa manyoya mpaka ngozi. Wengine saba walikuwa kwenye tenga wametengwa. Gunia la mwisho liliegemea ukutani, limelegea kama mtu aliyechoka kusimama.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa kwa sababu hayakuota."

Hakuinua uso. "Baba, nilikwambia uandike chakula cha kuku."

"Niliandika jina sahihi."

"Najua ni sahihi! Nani amesema si sahihi? Kuku hawali kamusi, Baba!"

Ndiyo mara ya kwanza alinipandishia sauti tangu azaliwe. Kuku walishtuka, wakakimbilia upande mmoja wa banda, vumbi likatimka. Nikangoja litue.

"Ipo njia," nikasema. "Kuna karatasi. Natakiwa nitie alama kwamba sijui kusoma wala kuandika. Halafu nibonyeze kidole."

Akaacha kupaka dawa. Alinitazama, nikaona anaikumbuka ile meza, kile kitabu, na lile doa.

"Kidole hiki?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Kwani nina kingine?"

Akamrudisha kuku kwenye tenga taratibu. Akanawa mikono kwenye ndoo, akaikausha kwenye kanga yake, akakawia kuikausha.

"Basi acha, Baba," akasema. "Acha tu. Kesho nitawaita wachinjaji. Nitaanza tena mwakani na vifaranga."

Alisema hivyo bila kisirani. Angenilaumu, ningejitetea, maneno ninayo. Lakini alisema acha, akaenda jikoni kuniwekea chakula, na mimi nikabaki na kuku mia nne wananitazama kwa jicho moja moja.

Asubuhi nilivaa shati jeupe, lile la sherehe. Sikumuaga. Dirisha la tatu lilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza.

"Kisanduku cha tatu," nikasema.

Yule mama hakushangaa wala hakutabasamu, na kwa hilo nilimshukuru. Akatoa karatasi ya waridi. "Kanuni inasema lazima nikusomee yote kwa sauti, mzee. Kwa kuwa wewe... kwa ajili ya kisanduku."

"Soma."

Akaanza. Alisoma jina la binti yangu, akasoma langu, akasoma namba ya mzigo. Watu walikuwa wameanza kujaa kwenye mabenchi nyuma yangu, na kile kioo kina tundu, lakini sauti yake ilipita juu ya tundu, ikasambaa chumba kizima. "Mwombaji, asiyejua kusoma na kuandika, anakiri kwamba hakuelewa maana ya neno mbegu katika muktadha wa bidhaa zenye vinasaba vilivyo... vilivyoha... vilivyohali..."

Akarudia. Akakwama palepale. Mimi nilikuwa naitazama karatasi kichwa chini miguu juu, kutoka upande wangu wa kioo.

"Vilivyohawilishwa," nikasema.

Akainua macho. Akanywa chai funda moja.

"Umesoma, mzee?"

"Nimebahatisha."

"Umebahatisha vizuri," akasema, akaendelea mpaka mwisho, na kila alipofika kwenye neno refu alipunguza mwendo, akanitupia jicho, nami nikatikisa kichwa kidogo kwamba ndivyo.

Halafu akasukuma kidau. Alitaka kunielekeza, "Unabonyeza, unazungusha kidogo," lakini dole gumba lilikuwa limeshakwenda lenyewe, likagusa wino ubavu wa kushoto, likazunguka hadi kulia, likapanda karatasini bila kutia doa nje ya mstari. Miaka arobaini. Nilitamani liwe limesahau.

Akapiga muhuri mara mbili. Mashudu yakawa mashudu.

Lori lilifika siku ya tatu. Safu yote ya chini ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Hiyo ndiyo mimea pekee iliyotoka kwenye mzigo ule, na hakuna sheria iliyoiuliza lolote. Tuliyatupa magunia hayo kumi na moja. Mengine yalikuwa mazima. Binti yangu alipasua la kwanza kwa wembe, akachota konzi, akanusa, akafumba macho. Kuku waliposikia debe likigongwa walijaa wavuni.

Dereva akashuka na kitabu cha kupokelea mzigo. "Nani anasaini?"

Mzigo ni wa binti yangu na kitabu kilikuwa mbele yake. Akachukua kalamu, akataka kuandika, kisha akaona dole gumba langu. Nilikuwa nimelisugua kwa sabuni ya kufulia, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Akalitazama tu. Akanipa kalamu.

"Baba anasaini," akamwambia dereva.

Nikavaa miwani. Nikasaini majina yangu yote matatu, bila haraka, dereva akihamisha uzito wake mguu huu na mguu ule.

"Na hapo juu, mzee," akasema. "Aina ya mzigo. Andika kwa kifupi."

Binti yangu alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea bandani na debe. Akasimama. Hakugeuka, lakini nilijua anasikiliza.

"Baba," akasema, "chakula cha kuku. Tafadhali."

Kitabu cha dereva hakipelekwi kwenye dirisha lolote. Nikashika kalamu vizuri, doa la zambarau likikaa juu yake kama muhuri, nikaandika kwa herufi kubwa mpaka nikatoka nje ya kisanduku: MASHUDU YA MBEGU ZA SOYA.